Sura ya Sita: Tai, Kumi na Moja na Mpiga Upinde

Muuzaji wa bunduki kuukuu ana neno analolipenda kuliko yote: "halisi". Hii ni ya Poland halisi, atakwambia, huku akifuta grisi kwa kitambaa. Muulize ni ya Poland ipi, uone atakavyokutazama. Mji wa Radom, ulioko kilomita 100 hivi kusini mwa Warsaw, umetoa bunduki chini ya jamhuri, chini ya majeshi ya Hitler, chini ya chama cha kikomunisti, na sasa chini ya soko huria. Kila mtawala aligonga muhuri wake kwenye chuma, na wengine walisaga kwanza muhuri wa aliyewatangulia.

Kiwanda hicho si kigeni kabisa kwetu tuliozoea cherehani, kwa maana kilitengeneza hizo pia, na baiskeli, na taipureta. Zote zilibeba jina moja, Łucznik, yaani mpiga upinde. Mama wa Warsaw alishonea nguo za shule cherehani iliyotoka kwenye uzio uleule uliotoa bunduki ya mwanawe jeshini. Basi msomaji ambaye hana nia wala kibali cha kugusa silaha asiiruke sura hii. Namna ya kusoma chuma ni ileile, ila kwenye bunduki watu hudanganya zaidi kwa sababu bei ni kubwa.

Tuanze pale ambapo Poland yenyewe haikuwako. Kwa miaka 123, hadi Novemba 1918, nchi hiyo haikuwa kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria walikuwa wamegawana ardhi yake. Ilipofufuka, jeshi lake lilivaa silaha kama mtu aliyetoka kununua mitumba gizani: Mosin za Kirusi, Mauser za Kijerumani, Mannlicher za Austria, Lebel za Ufaransa, kila moja na risasi yake. Hebu fikiria mtunza ghala wa jeshi hilo. Akikosea sanduku moja, kikosi kizima kinakwenda vitani na vyuma visivyolia.

Kuna bunduki moja ya wakati huo ambayo jina lake ni ukoo mzima: wz. 91/98/25. Herufi wz. ni kifupi cha neno la Kipolandi lenye maana ya kielelezo. 91 ni Mosin ya Urusi ya mwaka 1891. 98 ni Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898. 25 ni mwaka ambao Wapolandi waliwaoza wawili hao: wakachukua bunduki ya Kirusi, wakaibadili imeze risasi ya Kijerumani ya milimita 7.92, na mdomoni ikapokea singe ya Mauser. Asili ya bunduki hiyo ni wapi? Anayejibu kwa neno moja amekosea, hata akitaja nchi ipi kati ya hizo tatu.

Hata Mauser walizojiundia wenyewe zina mzazi wa nje. Baada ya Ujerumani kushindwa, mitambo ya karakana ya serikali ya Prussia mjini Danzig, ambao leo ni Gdańsk, ilikabidhiwa Poland na kuhamishiwa Warsaw. Huko ndiko bunduki za kwanza zilikotoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha kazi ikaenda Radom. Ukoo wa Mauser tunaujua hata sisi: askari wengi wa kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck waliingia Vita vya Kwanza hapa Afrika Mashariki wakiwa na Mauser ya 1871, ile iliyotoa moshi mzito ukamwonyesha adui mpigaji alipojificha. Ya Radom ilikuwa mjukuu wake aliyesoma. Wz. 29, iliyokuwa fahari ya kiwanda katika miaka ya 1930, ina urefu wa sentimita 110, mtutu wa sentimita 60, na uzito wa karibu kilo 4. Juu ya chuma kinachoshika mtutu amegongwa tai mwenye taji, na pamoja naye maneno F.B. Radom na mwaka.

Tai huyo ndiye wa kutazamwa kwanza, hasa pale asipokuwepo.

Wakati wa vita vya Hispania vya 1936 hadi 1939, serikali za Ulaya zilikubaliana kutoingilia, Poland ikiwamo. Kimyakimya, kupitia shirika lake la kuuza silaha nje lililoitwa SEPEWE, Poland ileile iliiuzia Jamhuri ya Hispania bunduki, nyingine mpya za wz. 29, nyingine mabaki ya lile duka la mitumba. Anayefanya biashara ya namna hiyo hapendi anwani yake ibaki kwenye mzigo. Kwa hiyo ukikuta wz. 29 ambayo pahali pa tai ni bapa, panang'aa tofauti na chuma kilichobaki, usikimbilie kusema imeibwa au imechezewa na muuzaji wa juzi. Hispania ni mahali pa kwanza pa kuulizia. Doa hilo huwachukiza wanaotaka kitu cha kutundika ukutani, lakini mimi ningelilipia zaidi, kwa kuwa ni alama iliyoachwa na siri ya serikali.

Wapolandi hawakuwa wageni wa mchezo huo. Walipounda bunduki ndefu ya kutoboa vifaru, wz. 35, waliipa jina la Ur na kueneza kwamba ni mzigo wa Uruguay. Vikosi viliipokea ndani ya masanduku yaliyofungwa, na wengi walioandaliwa kuitumia hawakuiona mpaka vita vilipobisha hodi. Baadaye Wajerumani waliziteka, wakaziingiza kwenye hesabu zao, nyingine wakawapa Waitaliano. Silaha iliyodaiwa kwenda Amerika ya Kusini ikaishia mikononi mwa Roma.

Hapo tumefika Septemba 1939. Wajerumani waliivamia Poland tarehe 1, na tarehe 8 walikuwa ndani ya Radom. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na daftari la silaha za wengine, na kila iliyotekwa ilipewa namba na herufi ndogo ya nchi ilikotoka. Ya Poland ni p kwenye mabano. Kiwanda kikawekwa chini ya kampuni ya Steyr ya Austria. Wz. 29 iliendelea kuundwa ikiitwa sasa G29/40, na pale alipokaa tai ikaja namba 660, alama ya siri ya Steyr. Vipande vilevile, mitambo ileile, mara nyingi hata mikono ileile, lakini bunduki ni ya adui. Anayeiita ya Poland hasemi uongo, na anayeiita ya Ujerumani hasemi uongo pia.

Niruhusuni nitoke kidogo kwenye bunduki niingie kwenye bastola, kwa sababu hakuna kitu kinachofundisha suala la ubora kuliko Vis. Iliundwa na Piotr Wilniewczyc na Jan Skrzypiński, ikakubaliwa mwaka 1935, na zile za kabla ya vita huhesabiwa na wakusanyaji wengi miongoni mwa bastola bora za jeshi za zama zake: chuma kimesuguliwa mpaka kinawaka, kila kipande kimekaa bila kulegea. Wajerumani waliipenda, wakaendelea kuiunda Radom, ila mitutu waliitengenezea Austria. Sababu yake ni rahisi. Waliogopa wafanyakazi wangetorosha vipande na kuwaundia wapiganaji wa chinichini bastola kamili. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani vipande vilitoroshwa kweli. Oktoba 1942 Wajerumani waliwanyonga watu hadharani katika eneo la Radom, wakiwamo wafanyakazi wa kiwanda, kwa ajili ya jambo hilo. Katika karakana hizohizo walilazimishwa kufanya kazi Wayahudi wa mji huo.

Sasa shika Vis ya 1938 mkono wa kulia na ya 1944 mkono wa kushoto. Ya pili ina mikwaruzo ya mashine ya kukereza ambayo hakuna aliyejisumbua kuisugua, na baadhi ya vipande vidogo vimeachwa kabisa. Vitabu vya wakusanyaji husema ubora ulishuka kwa sababu ya haraka ya vita. Ni kweli, lakini mkono unaofanya kazi chini ya kivuli cha kitanzi nao haupigi msasa kwa mapenzi. Nchi ni ileile, mji uleule, mchoro uleule. Kilichobadilika ni mwaka na aliyekuwa akisimama nyuma ya fundi.

Baada ya 1945 tai alivuliwa taji na wakomunisti, na kwenye bunduki akatoweka kabisa. Kiwanda cha Radom kikapewa jina la Jenerali Walter. Huyo ni Karol Świerczewski, Mpolandi aliyetumwa na Moscow kuwaongoza wapiganaji wa kimataifa upande wa Jamhuri ya Hispania, jina la Walter likiwa la kujifichia. Yaani kiwanda kilichopeleka bunduki Hispania kwa siri kikaja kubeba jina la siri la jenerali aliyepigana kulekule. Sijui kama waliokipa jina waliliona hilo. Kwenye chuma, hata hivyo, hakuna jina la Walter wala la Radom: kuna duara lililobonyea kidogo kama yai, ndani yake 11, na mwaka.

Hiyo 11 imewatesa wengi. Bulgaria nao waligonga duara, tena mbili, ndani yake 10. Hungary waligonga 02. Urusi ina nyota yenye mshale kwa Tula, na pembetatu yenye mshale kwa Izhevsk. Muhuri ukiwa umejaa grisi na rangi, 10 na 11 hazikawii kubadilishana. Mswaki wa meno na mafuta ya taa kidogo huokoa fedha nyingi.

Chini ya muhuri wa 11 ilitoka M44, bunduki fupi ya ukoo wa Mosin yenye singe inayokunjwa ubavuni, iliyoundwa Radom katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 kwa leseni ya Wasovieti. Vita baridi vilipokwisha, M44 hizi zilikwenda Marekani kwa masanduku, na huko zikapata sifa. Weka ya Poland kando ya ya Urusi ya 1944 na mtoto ataona tofauti: ya Urusi imekerezwa kwa pupa, ya Poland ni laini, mbao zake zimenyooka, mtutu ndani unang'aa. Watu wakahitimisha kwamba Wapolandi ni mafundi kuliko Warusi.

Hitimisho hilo silikubali. Bunduki ya Izhevsk ya 1944 iliundwa na watu waliokuwa wakihesabu mamilioni huku adui akiwa ndani ya nchi. Ya Radom ya 1953 iliundwa wakati wa amani, mkaguzi akiwa na nafasi ya kuvaa miwani, na miaka michache baadaye ikaja AK ikaifanya ya kizee kabla haijachoka. Ikapakwa grisi, ikalazwa ghalani kwa miongo. Unachokisifu hapo ni amani na usingizi wa ghala. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina lilipopanda, wauzaji walianza kuita ya Poland chochote chenye mbao safi, pamoja na bunduki fupi za Urusi zilizokarabatiwa na kupakwa vanishi.

Kwa hiyo acha neno la muuzaji uisikilize bunduki yenyewe, baada ya kuhakikisha haina risasi. Anza mdomoni mwa mtutu. Hapo ndipo fimbo ya kusafishia hukwaruza kwa miaka, na mdomo uliopanuka hutupa risasi ovyo hata kama ndani ni kama kioo. Mosin nyingi za Urusi zilikerezwa upya sentimita kadhaa ndani ya mdomo ili kuondoa sehemu iliyolika. Ukikuta hivyo kwenye ya Poland, uliza ilipigwa wapi kiasi hicho, maana nyingi hazikupigwa. Kisha tazama ndani dhidi ya mwanga. Mifuo minne inayozunguka iwe na kingo kali, si vivuli vya mifuo.

Kutu ya humo ina historia yake. Risasi za jeshi za enzi hizo zilikuwa na fataki zenye kemikali ambayo, ikiungua, huacha chumvi ya kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huleta kutu. Anayeishi Mombasa au Unguja, aliyekwisha kuona nondo za dirisha zikimomonyoka kwa upepo wa bahari, haelezwi zaidi. Mafuta hayaitoi chumvi hiyo. Maji ndiyo huitoa, ya moto yakiwa bora, kisha mafuta hufuata. Askari aliyefundishwa kupaka mafuta tu aliulia mtutu wake ndani huku nje ukimeremeta.

Baada ya hapo soma namba. M44 ya Radom iliyotoka kiwandani na kwenda ghalani ina namba moja ya mfululizo iliyorudiwa kwenye mtutu, kwenye bolti, kwenye kifuniko cha chini cha sanduku la risasi, na kwenye bamba la chuma la kitako. Namba zikitofautiana, bunduki imepita kwenye meza ya ukarabati na kuvishwa vya wengine. Hilo si kosa, ila bei yake ni nyingine. Kosa ni namba iliyolazimishwa: ya zamani imesagwa, mpya imegongwa ifanane. Igundue kwa mwandiko. Tarakimu zilizogongwa Radom zina umbo moja kama hati ya karani mmoja. Zilizogongwa jana zina kingo kali na zimekaa upande. Na kama unakusudia kuipiga, mpe fundi bunduki apime nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Bolti ya bunduki nyingine huweza kuingia vizuri kabisa na bado isikae inavyopaswa.

Kwa AK mambo yanageuka. Radom ilianza kuziunda katika miaka ya 1950, na njia rahisi ya kuzijua ni herufi kwenye swichi ya kufyatulia. Ya Poland ina C na P, kwa maneno ya Kipolandi yenye maana ya mfululizo na moja moja. Ya Ujerumani Mashariki ina D na E, ya China L na D kwenye nyingi za kuuzwa nje, ya Urusi herufi za Kisirili. Herufi mbili ndogo, na umeshatenganisha mataifa manne.

Lakini AK ya Poland utakayoikuta kwenye duka la Marekani pengine haijawahi kuwa bunduki nzima nchini Poland. Sheria za huko haziruhusu raia kuletewa bunduki ya kijeshi ya kufyatua mfululizo. Waagizaji wakaleta vipande: mwili wa bunduki umekatwakatwa kwa moto wa gesi, vingine vizima. Tangu 2005 hata mitutu ya aina hiyo ikazuiwa. Fundi wa Marekani hutengeneza mwili mpya, huweka mtutu mpya, hubadilisha vipande kadhaa ili vya kigeni vilivyo kwenye orodha ya sheria visizidi 10, kisha huiuza ikiwa na mbao za Radom na jina la Radom. Tantal, kielelezo cha 1988 cha milimita 5.45 chenye kitako cha waya kinachokunjwa, ilipata balaa hapo. Baadhi ya zilizounganishwa Marekani ziliwekewa mitutu yenye tundu pana kuliko risasi, na risasi zikawa zinaipiga karatasi ubavu, zikiacha matobo marefu kama ya ufunguo. Lawama ilimwangukia Mpolandi ambaye mtutu ule hakuwahi kuuona.

Muhuri wa mwisho kuutafuta ni wa mwagizaji. Tangu sheria ya silaha ya Marekani ya 1968, anayeingiza bunduki lazima aandike juu yake jina lake, mji wake na jimbo lake, na tangu 2002 maandishi hayo lazima yachimbwe kwa kina kisichopungua inchi 0.003. Zilizoingia kabla, enzi za mfanyabiashara wa silaha Samuel Cummings na maghala yake ya Alexandria, Virginia, nyingi hazina kitu. Hazina pia zile zilizoletwa na askari mkobani kutoka vitani, na hizo ndizo ghali. Matokeo yake unayaona: watu husugua jina la mwagizaji kwa tupa ili bunduki ionekane ilitoka kwenye mkoba wa shujaa. Pitisha kidole chini ya mtutu. Mahali palipopigwa tupa huzama kidogo, na mwanga huteleza hapo kwa namna nyingine.

Haya yote yangekuwa starehe ya wenye fedha kama kwetu hayangekuwa kazi ya ofisi. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kutia alama silaha zao, na kituo kinachoisimamia, RECSA, kiko Nairobi. Afisa anapookota bunduki baada ya wizi wa mifugo na kutaka kujua ilipitia wapi, barua yake ya kuulizia inakwenda kwa nchi iliyoiunda. Akisoma 10 pahali pa 11, barua inakwenda Sofia badala ya Warsaw, na Sofia watajibu kwa uaminifu kwamba hawana kumbukumbu ya namba hiyo. Faili linafungwa. Mswaki wa meno, tena.

Radom ya leo ni kampuni iliyoanzishwa upya mwaka 2000 baada ya ile ya zamani kufilisika. Tangu 2014 iko kwenye majengo mapya, na bunduki yake ya Grot inabebwa na jeshi la Poland. Wakusanyaji wataanza kubishana juu yake baada ya miaka 40. Kwa sasa, anayetaka ushauri wangu apite wz. 29 iliyong'arishwa upya, hata kama tai wake anapendeza, apite AK isiyosema mtutu wake umetoka wapi, na achukue M44 yenye 11 safi, mwaka unaosomeka, na namba moja mahali pote panne. Akikosa moja ya hizo tatu, apunguze bei.